Cheti cha kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea (Tanzania)

Cheti cha kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea ni cheti cha elimu ya sekondari kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kwa mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne bila kuwa mwanafunzi wa shule wakati huo. Mtu huyo huitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kuwa aliishia darasa la saba, aliacha shule akiwa sekondari, au alimaliza kidato cha nne na anataka kurekebisha matokeo yake. Katika nchi nyingine kuna cheti maalumu kinachohesabiwa kuwa sawa na cha sekondari. Tanzania haina cheti cha namna hiyo: aliyesoma shuleni na aliyesomea nyumbani hufanya mtihani mmoja na hupata cheti cha aina moja.

Kwa mtu ambaye hakusoma sekondari, njia ya kukipata ina hatua mbili. Hatua ya kwanza ni Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake QT. Hatua ya pili ni mtihani wenyewe wa kidato cha nne. Mitihani yote miwili hufanyika mwezi Novemba.

Historia

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 mitihani ya sekondari katika Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, ilitungwa Uingereza na bodi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973.

Elimu ya watu wazima ilikuwa na chanzo chake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la masomo ya jioni la Chuo cha Makerere, kisha ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilipata mamlaka yake kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka hiyo juhudi kubwa ilikuwa kufuta ujinga, yaani kuwafundisha watu kusoma, kuandika na kuhesabu. Sekondari zilikuwa chache, na wengi waliofaulu darasa la saba walikosa nafasi. Masomo kwa njia ya posta yaliwafaa hasa watumishi na wafanyakazi waliotaka kujiendeleza.

Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikajengwa kwa wingi. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Hata hivyo watahiniwa wa kujitegemea hawakuisha. Wengine ni watu wazima ambao nafasi hizo ziliwapita wakiwa wamekwisha maliza shule. Wengine ni vijana walioingia sekondari lakini hawakufika mwisho, au walifika mwisho wakashindwa.

Wanaohusika

Watahiniwa wa kujitegemea hugawanyika katika makundi matatu, na kila kundi huanzia mahali pake.

• Waliomaliza elimu ya msingi tu. Hawa huanza na Mtihani wa Maarifa.
• Waliosoma sekondari lakini wakaacha njiani. Aliyeacha kabla ya kufaulu upimaji wa kidato cha pili huanza na Maarifa. Aliyeufaulu hahitaji Maarifa, kwa kuwa amekwisha vuka kiwango hicho.
• Waliokwisha fanya mtihani wa kidato cha nne. Hawa hurudia masomo wanayoyataka. Mitaani tendo hilo huitwa kurisiti.

Umri si kizuizi. Katika chumba kimoja cha mtihani anaweza kuwepo kijana wa miaka 19 na mama mwenye wajukuu.

Mtihani wa Maarifa

Mtihani wa Maarifa hupima kama mtu ambaye hakusoma sekondari ana uwezo wa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kiwango chake kinalingana na kile cha kidato cha pili. Masomo yake ni yaleyale ya sekondari, kama vile Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kufaulu Maarifa si kupata cheti cha sekondari. Maarifa ni ruhusa ya kuingia hatua ya pili. Mtu aliyeishia hapo, hata kwa alama nzuri, katika maombi ya kazi au chuo bado anahesabiwa kuwa na elimu ya msingi.

Ugumu mkubwa wa mtihani huu kwa walioishia darasa la saba ni lugha. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini maswali ya masomo mengi ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza na hujibiwa kwa Kiingereza. Mkulima anaweza kuujua mmomonyoko wa ardhi kwa kuuona shambani kwake kila masika, na bado akakosa alama za swali la Jiografia kwa sababu hakulielewa. Kwa hiyo walimu wengi wa madarasa ya jioni huanza na Kiingereza kabla ya masomo mengine, au hufundisha istilahi za kila somo kwa lugha zote mbili.

Usajili

Usajili hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani, na anayechelewa hutozwa ada iliyoongezwa hadi tarehe ya mwisho. Baada ya tarehe hiyo mtu husubiri mwaka mwingine. Kwa kawaida mambo hufuatana hivi:

1. Kuchagua kituo cha mtihani, ambacho mara nyingi ni shule ya sekondari iliyoruhusiwa kupokea watahiniwa wa kujitegemea, na kuonana na mkuu wa kituo.
2. Kujaza taarifa katika mfumo wa Baraza kwa njia ya intaneti: majina, picha, masomo, na namba ya mtihani wa awali.
3. Kupata kumbukumbu namba ya malipo na kulipa ada kwa benki au kwa simu.
4. Kuhakiki taarifa na kutunza nakala.

Namba ya mtihani wa awali ndiyo inayothibitisha sifa ya mwombaji. Anayerudia hutaja namba yake ya kidato cha nne, na aliyepitia Maarifa hutaja ya Maarifa. Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mtu aliyeandikwa jina moja darasa la saba, jingine kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye kitambulisho cha taifa hupata usumbufu mkubwa baadaye, kwa sababu chuo au mwajiri hulinganisha nyaraka zote. Ni rahisi zaidi kusawazisha majina kabla ya kusajiliwa kuliko baada ya cheti kuchapwa.

Namba za vituo vya watahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P, na za wanafunzi wa shule huanza na herufi S.

Masomo

Wanafunzi wa shule waliofuata mtaala wa kabla ya mwaka 2024 walikuwa na masomo saba ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Waliongeza mengine kama Fizikia, Kemia, biashara au kilimo. Mtahiniwa wa kujitegemea anayefanya mtihani kwa mara ya kwanza na anayetaka kupata daraja zuri hulazimika kufikiria masomo saba, kwa sababu daraja huhesabiwa kwa masomo saba yenye alama bora. Anayerudia anaweza kufanya somo moja au mawili tu.

Uchaguzi wa masomo ndio uamuzi mzito kuliko wote. Fizikia, Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo unaohitaji maabara, na anayesomea nyumbani hana maabara. Kwa hiyo wengi huepuka sayansi. Lakini anayeiacha Kemia amejifungia mlango wa uuguzi na utabibu, kwa kuwa vyuo vya afya hudai ufaulu wa Kemia na Biolojia katika kidato cha nne. Mwanafunzi anayetamani fani hiyo anahitaji kutafuta mapema kituo chenye maabara na mwalimu wa kumwongoza, si mwezi wa Oktoba.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, nao umeleta masomo mapya, likiwemo Historia ya Tanzania na Maadili. Anayejiandaa kwa mtihani anapaswa kuhakikisha kwamba vitabu anavyosoma ni vya mtaala atakaotahiniwa, hasa kama ameazima vya ndugu aliyemaliza zamani.

Alama, pointi na madaraja

Kila somo hupewa alama ya herufi, na kila herufi ina pointi zake:

• A: 75 hadi 100, pointi 1
• B: 65 hadi 74, pointi 2
• C: 45 hadi 64, pointi 3
• D: 30 hadi 44, pointi 4
• F: 0 hadi 29, pointi 5

Pointi za masomo saba bora hujumlishwa. Pointi chache ndizo nzuri.

• Daraja la I: pointi 7 hadi 17
• Daraja la II: pointi 18 hadi 21
• Daraja la III: pointi 22 hadi 25
• Daraja la IV: pointi 26 hadi 33
• Daraja la 0: pointi 34 na 35

Kwa muda mfupi kuanzia mwaka 2014 madaraja hayo yaliachwa na kutumika wastani wa pointi, kisha utaratibu wa madaraja ukarudishwa mwaka 2016. Vyeti vya kipindi hicho kwa hiyo vina maneno tofauti, lakini ni halali kama vingine.

Hesabu hii inaonyesha kiwango cha chini kabisa cha kufaulu. Mwenye C moja na F sita ana pointi 3 + 30 = 33, yuko Daraja la IV, naye amefaulu. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 8 + 25 = 33, naye amefaulu pia. Mwenye D moja tu ana pointi 34, naye amepata sifuri.

Kufaulu na kukubaliwa

Kiwango cha kupata cheti na kiwango cha kukubaliwa mahali ni vitu viwili tofauti. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza miaka. Cheti chenye C moja ni cheti halali, lakini nafasi kinazofungua ni chache.

Vyuo vya ufundi na taaluma vinavyosimamiwa na NACTVET kwa kawaida hudai ufaulu wa angalau D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, kwa anayeanza ngazi ya cheti. Fani nyingine huongeza masharti ya masomo maalumu. Mtihani wa kidato cha sita hudai angalau C tatu za kidato cha nne, na uchaguzi wa kujiunga na kidato cha tano katika shule za serikali una masharti zaidi ya hayo.

Mfano wa watu wawili unafaa. Wa kwanza amepata D katika masomo yote saba: pointi 28, Daraja la IV. Wa pili amepata C tatu na F nne: pointi 29, Daraja la IV pia. Kwa pointi, wa kwanza ni bora. Anaweza kuomba vyuo vinavyodai D nne, ambavyo wa pili hawezi kwa kuwa ana masomo matatu tu aliyofaulu. Lakini wa pili ana C tatu, na anaweza kujiandaa kwa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, jambo ambalo wa kwanza hawezi kabla ya kurudia masomo matatu. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anahitaji hatua tofauti. Ndiyo maana inafaa kujua lengo kwanza, kisha kupanga masomo, na siyo kufanya mtihani kwanza na kuuliza baadaye.

Katika ajira za serikali, sifa ya chini imekuwa elimu ya kidato cha nne kwa wanaoajiriwa tangu tarehe 20 Mei 2004. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, ambao ulitumia kumbukumbu za Baraza, ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Cheti cha kununua hakidumu. Cheti cha D nne kilichopatikana kwa jasho kinaweza kuongezwa thamani kwa kurudia.

Wasichana walioacha shule

Kundi moja limekuwa na historia yake ya pekee. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba wasichana waliojifungua hawatarudi katika shule za serikali. Njia pekee iliyobaki wazi kwao ilikuwa Maarifa, au shule binafsi zilizokubali kuwapokea. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Pamoja na ruhusa hiyo, si kila mama mdogo anaweza kukaa darasani na wenzake wa miaka 14. Kwa ajili hiyo Mradi wa Kuimarisha Ubora wa Elimu ya Sekondari (SEQUIP), ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 500 tarehe 31 Machi 2020, una sehemu ya njia mbadala inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Msichana husoma kwa miaka miwili bila kulipa ada: hatua ya kwanza inalingana na kidato cha kwanza na cha pili, na hatua ya pili inalingana na cha tatu na cha nne. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vina mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaounganisha masomo ya sekondari na ufundi, na mama anaweza kuja na mtoto wake.

Hali katika Mkoa wa Njombe

Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, unaonyesha vizuri jinsi masharti hayo yanavyokutana na maisha. Mjini Makambako, penye njia panda ya barabara za Mbeya, Iringa na Songea, kijana anayeuza dukani mchana anaweza kupata darasa la jioni, na kituo cha mtihani hakiko mbali. Hali ni nyingine Ipelele, kata ya Wilaya ya Makete katika nyanda za juu zenye baridi kali, ambako watu hulima viazi mviringo, ngano na pareto na kupasua mbao. Barabara ya kutoka Njombe mjini hadi makao makuu ya wilaya ya Makete ina urefu wa zaidi ya kilomita 100. Kwa mtu wa huko, safari ya kuonana na mkuu wa kituo, nauli, na mahali pa kulala wakati wa mtihani vinaweza kuzidi ada yenyewe.

Makete ilipoteza pia watu wazima wengi kwa UKIMWI. Njombe ndio mkoa ulioonekana kuwa na maambukizi makubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara katika utafiti wa kitaifa wa 2011/12 (asilimia 14.8) na ule wa 2016/17 (asilimia 11.4). Watoto walioachwa wakilelewa na bibi zao, na wale waliotoka mapema kwenda kufanya kazi za ndani au kuuza maduka mijini, ndio watu wazima wa leo wenye cheti cha darasa la saba tu.

Kwa wanaotaka kusoma mkoani humo, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Njombe na Ulembwe, na Maofisa Elimu ya Watu Wazima katika halmashauri. Mahali pasipo na darasa, watu wanne au watano wanaosoma kwa pamoja chini ya mwalimu mmoja wa shule ya kata hugawana gharama ya vitabu na safari ya usajili.

Vyeti vya nchi nyingine

Nchini Marekani mtihani wa GED ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokatiza masomo kwenda vitani, na baadaye ukafunguliwa kwa raia wote. Una masomo manne, na anayefaulu hupata cheti kinachohesabiwa kuwa sawa na cha shule ya sekondari. Mtanzania aliyerudi na cheti cha nje, kiwe cha Kenya, Uganda, Uingereza au Marekani, hukipeleka Baraza la Mitihani ili kilinganishwe na alama za Tanzania kabla ya kuomba chuo au kazi.

Tazama pia

• Baraza la Mitihani la Tanzania
• Elimu nchini Tanzania
• Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima
• Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi
• Mkoa wa Njombe
• Ipelele